Barua ya wazi kwa wakubwa wa besiboli: Bibi Mamie Johnson mmemwacha nje ya mstari

Kwa Kamishna Rob Manfred na ofisi yake ya Major League Baseball, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, pale New York, na kwenu wasimamizi wa Hall of Fame, ukumbi wa heshima wa besiboli, kule Cooperstown.

Waheshimiwa, habari za kazi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu jambo likinichoma moyoni Kiingereza changu kinapungua, na nyie hamuwezi kukosa mkalimani, alafu nataka na Waswahili wenzangu walioko huku na walioko nyumbani wasome, maana wengi wetu tunaishi miaka na miaka jirani na viwanja hivi na hatujui nani alipita hapo.

Mi ni mama wa Kitanzania, kwetu Tanga, naishi Maryland karibu kabisa na Washington na kazi yangu ni unesi, tena zamu za usiku. Besiboli nlikua siijui kabisa. Nimeijua kupitia mzee mmoja niliyekua namhudumia, mzee mweusi wa hapahapa, ambaye halali mpaka mechi iishe kwenye redio, na mi nlikua nikimuona na redio yake namkumbuka baba yangu siku ya Simba na Yanga, ile namna ya kuinamisha kichwa kama anasikiliza siri. Akawa ananielekeza taratibu, huyu ni mrushaji, huyu ni mpigaji, hapa wamemtoa, hapa amefika besi ya pili. Usiku mmoja akaniambia, wewe nesi, unajua kulikua na nesi mwenzako hapa mjini aliyewahi kulipwa kurusha mpira na wanaume? Wanamwita Peanut. Karanga. Nikajua ananitania. Nlipotoka zamu asubuhi nikiwa kwenye basi nikatafuta kwenye simu, na kwa kweli nlipitiliza kituo changu.

Huyo Peanut ndo Mamie Johnson, mama ambaye jina lake mmeliacha nje ya takwimu rasmi za ligi kuu, na hilo ndo limenifanya niandike. Naomba nimuelezee kwanza ni nani, najua nyie mnamfahamu lakini wasomaji wangu wengi hawamjui, na nadhani hata nyie mkimsikia kwa mdomo wa mtu mwingine itasaidia.

Mamie Johnson alizaliwa 1935 Ridgeway, South Carolina, kijijini, akalelewa na bibi yake. Mpira wake wa kwanza walikua wanautengeneza wenyewe, unachukua jiwe unalizungushia uzi na gundi ya kubandikia mpaka linakua duara, yaani ukisoma hapo mtu yeyote aliyekulia uswahilini anajua, ni kama sisi na mpira wa makaratasi na soksi na kamba. Bibi yake alipofariki akapelekwa kwa ndugu Long Branch, New Jersey, akakuta timu ya vijana iliyokua chini ya polisi, wavulana watupu tena wazungu, akaomba kucheza na wakamkubali baada ya kumuona anavyorusha. Baadae akahamia Washington kwa mama yake, na hapo ndo akaendelea kucheza jumapili na timu ya wanaume ya mtaani iliyoitwa St. Cyprian's.

Sasa akiwa na miaka 17 akasikia kuna majaribio ya ligi ya wasichana. Hii ni ile All-American Girls Professional Baseball League, iliyoanzishwa 1943 na Philip Wrigley, tajiri wa bigijii na mwenye timu ya Chicago Cubs, wakati wanaume wengi wamechukuliwa vitani. Ligi ilidumu mpaka 1954, wanawake zaidi ya 600 walipita humo wakicheza na sketi fupi, wanateleza kwenye vumbi mapaja yanachubuka, na nawaheshimu sana, sina neno baya juu yao. Majaribio yalikua Alexandria, Virginia. Mamie akaenda na rafiki yake. Walivyofika wakaangaliwa tu na wakaambiwa hapana, hata mpira hawakupewa kushika, kwa sababu ni weusi. Na katika ile miaka yote 12 ya ligi hakuna hata mwanamke mmoja mweusi aliyewahi kuingia humo.

Alexandria ni ng'ambo ya mto tu. Ukipanda metro ya njano au ya bluu kutoka katikati ya Washington ni dakika chache unafika. Mi napita pale mara nyingi nikienda kumsalimia shoga yangu na kila nikipita nawaza wale wasichana wawili wakirudi nyumbani, nauli yao wenyewe, glavu mkononi, wanaongea nini njiani.

Bibi Mamie mwenyewe uzeeni alikua anasema anashukuru walimkataa, maana kama wangemchukua angekua mchezaji mmoja katika mamia na asingefanya alichokuja kufanya. Mi namuelewa, watu wazima wetu wako hivo, wanachukua uchungu wanaugeuza baraka ili waweze kuishi. Ila yeye kusamehe hakufuti kilichofanyika, na nyie ndo wenye daftari la takwimu.

Alichokuja kufanya ni hiki. 1953 akachukuliwa na Indianapolis Clowns, timu ya Ligi za Weusi, zile Negro Leagues ambazo weusi walicheza kwa sababu ligi kuu ilikua imewafungia mlango, akawa mrushaji mpaka 1955. Urefu wake ni kama futi 5 na inchi 3, mwili mdogo. Jina la Peanut alipewa uwanjani, mpigaji wa Kansas City Monarchs aitwae Hank Baylis alisimama na gongo lake akawa anamkebehi kwamba huyu si mkubwa kuliko karanga atanitoaje mimi, basi akamtoa, mipira mitatu mtu akarudi kukaa. Satchel Paige, mrushaji maarufu wa Ligi za Weusi ambaye nyie wenyewe mmempa heshima zote Cooperstown, ndo aliyemsaidia kuurekebisha mpira wake wa kupinda. Rekodi inayotajwa ni kwamba alishinda mechi 33 na kupoteza 8, na kwenye kupiga wastani wake unatajwa kati ya .262 na .284, yaani katika kila mara mia za kupiga alifanikiwa kama 26 mpaka 28. Nasema inatajwa kwa sababu karatasi za mechi nyingi za miaka hiyo hazijakusanywa, na hapo ndo ninapotaka kufika.

Hakua peke yake. Alikuwepo Toni Stone, mzaliwa wa West Virginia aliyekulia St. Paul, Minnesota, alicheza besi ya pili na Clowns 1953 na mwaka uliofuata akaenda Monarchs. Alikuwepo Connie Morgan, binti wa Philadelphia, aliyeshika nafasi ya Toni pale Clowns 1954. Watatu. Katika historia yote ya Ligi za Weusi ndo hao watatu wanaojulikana kucheza mara kwa mara kama wachezaji wa kulipwa. Na maisha yao yalikua ni ya basi, kulala kwenye basi, kula kwenye basi, kuvaa kwenye basi, sababu mahoteli ya kusini hayapokei weusi, na Toni Stone ilifika mahali wenye nyumba za kulala wageni wakimuona mwanamke mmoja anashuka na wanaume ishirini wanadhani ni changudoa wanamuelekeza kwenye danguro, akaenda kweli, na wale wanawake wa danguroni wakampokea wakampa kitanda na chakula na wakawa wanafuatilia mechi zake. Hii habari nimeisoma mara nyingi na kila nikiisoma nasema Mungu awalaze pema wale wanawake.

Nirudi kwa Bibi Mamie. Alipoacha mpira alienda kuwa nesi. Miaka kama 30, pale hospitali ya Sibley, Washington. Hebu fikirieni mtu amesimama mbele ya umati, amewatoa wanaume wenye nguvu kwa mkono wake, alafu miaka 30 mkono uleule unapima presha, unageuza wagonjwa, unashika watu wasianguke. Mi naijua kazi hii, najua mabega yanavyouma saa kumi alfajiri. Alipostaafu akawa anasimamia kaduka ka kumbukumbu za Ligi za Weusi Capitol Heights, Maryland, watoto wakiingia anawasimulia. Amefariki Desemba 2017 akiwa na miaka 82, mi nlikua tayari niko mji huuhuu, na sikumjua. Hilo linaniuma binafsi, ningeenda kumpa shikamoo.

Sasa waheshimiwa niseme lililonileta.

Desemba 2020 mlitangaza kwamba Ligi za Weusi ni ligi kuu, kwamba wachezaji wake kama 3,400 ni wachezaji wa ligi kuu sawa na wengine, na mkasema mnarekebisha kosa la muda mrefu. Nilifurahi jamani, sikua hata mwenyeji sana wa mchezo ila nlifurahi. Mei 2024 mkaingiza takwimu zao kwenye daftari rasmi, Josh Gibson, mpigaji wa Ligi za Weusi, akawa na wastani wa kupiga wa .372 akampita Ty Cobb wa ligi kuu aliyekaa juu karibu miaka mia, na Willie Mays akaongezewa mipigo 10 aliyoipiga Birmingham 1948 akiwa kijana. Kazi kubwa mlifanya, watu walikaa na magazeti ya zamani mechi kwa mechi, nawapongeza kwa moyo wote.

Lakini mlichora mstari. 1920 mpaka 1948. Kilichotokea baada ya 1948 hakimo.

Na sababu yenu naijua, nimeisoma, na siwezi kusema haina maana. Jackie Robinson, mweusi aliyevunja ule ubaguzi wa ligi kuu, aliingia timu ya Brooklyn 1947, baada ya hapo wachezaji wazuri weusi wakaanza kuchukuliwa na timu zenu mmoja mmoja, Negro National League ikafa mwisho wa 1948, iliyobaki ikawa inapungua nguvu, watazamaji wakapungua, magazeti yakapunguza kuandika. Kwahiyo mnasema baada ya hapo haikua tena ligi kuu maana wenye uwezo walikua na mlango wa kuingia kwenye ligi kuu yenyewe.

Swali langu ni moja tu na ndo barua nzima. Mlango huo ulifunguliwa kwa nani?

Chukueni Hank Aaron. 1952 alikua Indianapolis Clowns, timu hiyohiyo. Mwaka ule haumo kwenye hesabu yenu kwa sababu ni baada ya 1948. Sawa, Aaron hakupoteza chochote, alitoka pale akasainiwa na Braves, timu ya ligi kuu, akaenda kupiga homuran 755 na dunia nzima inamjua. Toni Stone akaja timu ileile 1953, Aaron ametoka, yeye ameingia. Yeye akitoka pale aende wapi? Alikua na mlango gani? Nawakumbusha kwamba Juni 1952 timu ya Harrisburg Senators kule Pennsylvania ilimsaini mwanamke mzungu aitwae Eleanor Engle, akavaa jezi akafanya mazoezi, na ndani ya siku chache tu mkuu wa ligi ndogo George Trautman akaufuta mkataba na akatangaza kwamba timu yoyote itakayosaini mwanamke itaadhibiwa, na kamishna wenu wa wakati huo Ford Frick akamuunga mkono. Engle hakucheza hata mechi moja. Hiyo ni 1952, miaka mitano baada ya Robinson, mwaka mmoja kabla ya Mamie kuingia Clowns.

Kwahiyo kwa wanaume mlango ulifunguka 1947, kwa wanawake 1952 mlipiga komeo kwa maandishi. Bibi Mamie ligi ya wasichana ilimkataa kwa sababu ya rangi, ligi za wanaume wazungu zilikua zimemkataa kwa sababu ya jinsia hata kabla hajaomba, mahali pekee palipobaki duniani pa mwanamke mweusi kulipwa kucheza besiboli ni Ligi za Weusi baada ya 1948, na hapo ndo mmesema hapahesabiki. Mnaona inavyokua? Kipimo mlichotumia ni cha haki kwa mtu aliyekua na pengine pa kwenda. Kwa wale watatu hakifai kabisa, kwao hapo ndo palikua juu, hakukua na ngazi nyingine.

Alafu kuna jambo ambalo kwa kweli linanichanganya. Juni 2008 nyie wenyewe mlifanya shughuli ya heshima, kila timu kati ya 30 ikachagua mchezaji mmoja aliye hai wa Ligi za Weusi kama ishara ya kurudisha walichonyimwa. Washington Nationals walimchagua Mamie Johnson. Mkamuita jina mbele ya kamera, yeye ndo alikua mwanamke pekee. Sasa mtu mmemuita mbele za watu mkasema huyu ni wetu, ni wa Ligi za Weusi, tulimnyima nafasi, tunamrudishia, alafu baada ya miaka 12 mnatoa tangazo la kurekebisha makosa na jina lake limebaki nje ya mstari. Najua hamkukaa mkasema tumuache yule mama. Mlichora mstari mkiwaza wanaume, na yeye akawa upande wa pili bila mtu kuangalia.

Nimesikia pia ile hoja nyingine, sijui kama ni yenu lakini ipo mitaani, kwamba wale wanawake waliletwa kuuza tiketi tu. Ni kweli Syd Pollock mwenye Clowns alikua mfanyabiashara, timu yake ilikua na vichekesho kabla ya mechi na alijua mwanamke uwanjani analeta watu, hilo halifichiki. Ila tiketi haikwepeshi mpira unaokuja usoni. Toni Stone alikua na makovu ya viatu vya meno kwa sababu wanaume walikua wanamparamia makusudi pale besi ya pili, na aliambiwa avae sketi kama wale wasichana wa ligi ile akakataa. Na kama hoja ni tiketi basi niwakumbushe Agosti 1951, Bill Veeck mwenye St. Louis Browns alimleta Eddie Gaedel, mtu mwenye urefu wa futi 3 na inchi 7, akasimama kupiga mara moja, akarushiwa mipira minne nje ya eneo akatembea mpaka besi ya kwanza, basi, hakurudi tena. Simdharau yule ndugu hata kidogo, alikua binadamu na alifanya kazi aliyoajiriwa. Lakini jina lake liko kwenye daftari rasmi la ligi kuu mpaka leo. Mara moja. Ilikua ni kuuza tiketi waziwazi na mmemhesabu. Mamie alirusha misimu mitatu.

Kwanini nesi wa kutoka Tanga anajisumbua na haya? Kwa sababu ya binti yangu. Ana miaka 11, alizaliwa huku, anacheza besiboli toka ana miaka 6 na ni mrushaji, mkono wa kushoto, nikimuangalia akijikunja kabla ya kuachia mpira mi moyo unasimama. Mwaka jana kocha mmoja, mtu mzuri tu sina ugomvi nae, aliniita pembeni akaniambia mama, kwa umri huu ni vizuri umhamishie softiboli, ule mchezo wa jamii ya besiboli wenye mpira mkubwa zaidi, ndo kuna skolashipu, besiboli kwa msichana haina mbele. Alisema kwa upole kabisa kama mtu anakupa ushauri wa ada. Mwanangu alikua amekaa kwenye benchi anafungua kamba za viatu na alisikia. Kwenye gari akanyamaza njia nzima alafu akauliza, mama, hakuna mwanamke aliyewahi kulipwa?

Nikamwambia yupo, alikua nesi kama mimi, tena hapahapa. Tulipofika nyumbani akafungua kompyuta aone. Akaona picha yake, akaona hadithi yake, akafurahi, akaanza kutafuta namba, maana watoto wa mchezo huu wanapenda namba kuliko kitu chochote, ngapi kashinda, ngapi kapiga, mwaka gani. Akatafuta kwenye takwimu rasmi za ligi kuu ambazo sasa Ligi za Weusi zimo. Josh Gibson yupo. Satchel Paige yupo. Akaniangalia akasema mama huyu hayupo. Nikaanza kumuelezea habari ya 1948, nikajikuta najieleza kama mi ndo niliyekosea.

Na si huku tu. Pale Azania Sekondari, Upanga, Dar es Salaam, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na mashindano yake wavulana wanacheza besiboli wasichana wanacheza softiboli. Softiboli ni mchezo mzuri, sitaki wanaoucheza wanielewe vibaya, lakini ule utaratibu wa kwamba huu wa mvulana huu wa msichana haukuota Dar, umesafiri na mchezo kutoka huku kwenu. Mnachokiandika kwenye daftari New York kinafika mpaka Upanga.

Naomba niwe mkweli kwamba kuna mnayofanya. Tangu 2017 mna ule mpango wa Trailblazer Series kwa wasichana wanaocheza besiboli, nimeuona, ni mzuri. Hall of Fame mlifungua maonyesho ya wanawake 1988 na wale mabibi wa ligi ya sketi walilia siku ile kwa furaha. 2014 mkaweka jezi ya Mo'ne Davis, yule mtoto wa Philadelphia aliyerusha mechi nzima kwenye Little League World Series, mashindano ya watoto, bila kuruhusu hata ranzi moja, yaani pointi. Na Agosti 2025 wanawake zaidi ya 600 walikuja kujaribiwa kwa ajili ya ligi mpya, Women's Pro Baseball League, Mo'ne mwenyewe akiwemo, na majaribio yalifanyika wapi? Washington. Mji wa Mamie. Ng'ambo ya mto kutoka kule alikokataliwa asishike hata mpira. Nlikua kazini siku zile, nikaomba rafiki yangu ampeleke binti yangu, alirudi sauti imekauka kwa kushangilia.

Lakini maonyesho ni maonyesho na daftari ni daftari. Kwenye ukuta wa Cooperstown wenye watu zaidi ya 340 mwanamke ni mmoja tu, Effa Manley, mliyemuingiza 2006, na yeye aliingia kama mmoja wa wenye timu ya Newark Eagles, mtendaji hodari kabisa anastahili. Mchezaji mwanamke hata mmoja hakuna.

Ninachoomba hakihitaji miujiza. Wale watafiti mliowaweka kwenye kazi ya 1920 mpaka 1948 waongezewe kazi ndogo, miaka mitatu tu, 1953, 1954, 1955, mechi za Clowns na Monarchs. Magazeti ya weusi yalikuepo, Chicago Defender, Pittsburgh Courier, Afro-American ya Baltimore, yako kwenye maktaba, hayajachomwa. Wakae nayo. Wakikuta ushindi 33 waandike 33, wakikuta 20 waandike 20, wakikuta Toni Stone alipiga .243 kwenye mechi 50 kama inavyosemwa waandike, ikiwa chini ya hapo waandike hiyohiyo ya chini, mi siombi wapambiwe hata namba moja. Naomba wahesabiwe. Kama mstari wa 1948 hamtaki kuusogeza kwa wote basi andikeni pembeni yake kwamba mstari huu ulichorwa kwa kigezo cha milango iliyofunguliwa kwa wanaume, na kwa wanawake watatu hawa mlango haukufunguliwa, kwahiyo msimu wao unahesabika. Sentensi moja. Mwanasheria wenu anaweza kuiandika kabla ya chai.

Na nyie wa Cooperstown, ile kamati yenu ya Classic Baseball, inayojadili watu wa zamani, inakaa Desemba 2027, wajumbe 16, mtu akipata kura 12 anaingia. Sisemi mumuingize mtu kwa huruma. Mi nasema wawekeni kwenye ile karatasi ya kupigiwa kura, Toni Stone, Mamie Johnson na Connie Morgan, wajadiliwe kwa majina yao na watu wenye akili wakiwa wamekaa na namba mkononi. Wakinyimwa kura tutajua wamenyimwa, ila wawe wamefika mezani. Alexandria ile hata hawakuulizwa wanaweza nini, na nisingependa kamati ifanye vilevile miaka 75 baadae.

Wote watatu wameshatangulia. Toni na Connie wamefariki mwaka mmoja, 1996, mwezi kwa mwezi, na Bibi Mamie ndo huyo 2017. Hakuna atakaesimama kupokea. Ila ndugu zao wapo, na hapa Washington kuna ligi ya watoto yenye jina la Mamie Johnson, jumamosi asubuhi ukipita unakuta watoto wana jina lake kifuani. Hao watapokea.

Nyumbani kwetu mtu akifa arobaini ikifika tunakaa tunamtaja, alifanya hiki, alikua hivi, alimsaidia fulani, na mtu akiruka jambo kuna bibi mmoja kwenye mkeka atasema hapana, mmesahau, rudini nyuma. Mi leo ndo huyo bibi kwenye mkeka. Mmesahau, rudini nyuma.

Binti yangu bado anacheza besiboli, sikumhamisha. Kocha nimemshukuru kwa ushauri na nikamwambia tutaendelea mpaka mkono wake wenyewe utakaposema. Namba aliyovaa msimu huu ameichagua mwenyewe na kwenye glavu yake, ndani pale kidole gumba kinapoingia, ameandika kwa kalamu nyeusi neno PEANUT. Desemba 2027 atakua na miaka 13. Mi kama kawaida nitakua zamu ya usiku, lakini nimeshamwambia msimamizi wangu siku hiyo naomba nibadilishiwe.

Wenu,
Mama wa mrushaji wa mkono wa kushoto, nesi, Maryland